Chapati 52, sukari 65: tulisome upya jedwali la vyakula

Kama una ndugu mwenye kisukari, kuna uwezekano mkubwa umeshatumiwa lile jedwali kwenye simu. Safu ya kijani, ya njano na nyekundu. Kila chakula kina namba yake pembeni. Kijani ni "kula", nyekundu ni "acha". Linazunguka kwenye magrupu ya familia, linachapishwa na kubandikwa ukutani kwenye vyumba vya kusubiria daktari, na kila anayelisambaza anaongeza kitu chake. Mpaka sasa nimekusanya matoleo manane, na hakuna hata mawili yanayokubaliana kuhusu ndizi.

Leo nataka tulichambue jedwali hili kama tunavyochambua makala ya utafiti kwenye vikao vyetu vya Ijumaa: namba imetoka wapi, imepimwa kwa nani, na inajibu swali gani. Utafiti wa kitaifa wa STEPS wa mwaka 2012 ulikuta asilimia 9.1 ya Watanzania wa miaka 25 hadi 64 wana kisukari. Wengi wao wakitoka kliniki hawana mtaalamu wa lishe wa kukaa naye nusu saa. Wana karatasi hii. Kwa hiyo karatasi ikikosea, imekosea kwenye sufuria ya mtu.

Tuanze na namba zenyewe. Zinaitwa glaisemiki indeksi, au GI kwa kifupi, na zilianza mwaka 1981 kwa David Jenkins na wenzake pale Chuo Kikuu cha Toronto. Utaratibu wake ni rahisi kueleweka. Mtu anaamka bila kula, anapewa kiasi cha chakula chenye gramu 50 za wanga unaomeng'enyeka, halafu anapimwa damu mara kadhaa kwa saa mbili. Unachora mchoro wa jinsi sukari ilivyopanda na kushuka, unapima eneo lililo chini ya mstari, unalilinganisha na eneo la mtu huyohuyo akinywa gramu 50 za glukosi. Glukosi ndiyo 100. Maharage mekundu yanapata 24, dengu 32, wali mweupe 73, mkate mweupe 75, viazi mviringo vya kuchemsha 78. Hizi ni wastani kutoka orodha ya kimataifa ya mwaka 2008, ambayo ndiyo mama wa majedwali mengi yanayozunguka.

Sasa angalia kitu kimoja kwenye orodha hiyohiyo. Sukari ya mezani, ile tunayotia kwenye chai, inapata 65. Asali 61. Yaani ukifuata rangi bila kuuliza, sukari ni bora kuliko mkate, na asali ni bora zaidi. Sishangai kwamba toleo moja nililonalo limeiweka asali kwenye kijani.

Hapo hakuna aliyedanganya kwenye maabara. Nusu ya sukari ya mezani ni fruktosi, na fruktosi hupitia kwenye ini kwanza, hivyo haionekani sana kwenye kipimo cha glukosi ya damu. Fruktosi yenyewe ina GI 15. Namba ni ya kweli, ila swali lililoulizwa ni dogo: kwa saa mbili, glukosi imepanda kiasi gani? Haisemi chochote kuhusu ini, meno, uzito, wala kama umeshiba. Anayechukua jibu la swali dogo na kulipaka rangi ya "kula" au "acha" ndiye aliyeongeza maana ambayo mtafiti hakuisema.

Halafu kuna tikitimaji. Masikini tikitimaji. GI yake ni 76, basi kila toleo limelitupa kwenye nyekundu. Lakini kumbuka kipimo: gramu 50 za wanga. Tikitimaji kwa sehemu kubwa ni maji, na ili upate gramu 50 za wanga inabidi ule zaidi ya nusu kilo ya nyama yake, tena kwa mkupuo, asubuhi, tumbo likiwa tupu. Kipande cha kawaida baada ya chakula kina wanga kama gramu 9. Sahani ya ugali uliosongwa kwa unga wa gramu 200, ambayo kwa mtu aliyetoka kazini si sahani ya kutisha, ina wanga unaokaribia gramu 150. Nimemwona mgonjwa akikataa kipande cha tikitimaji kwa nidhamu kubwa huku mkononi ana soda. Soda ya chupa ndogo ya mililita 350 ina sukari kama gramu 35 hadi 40, na wala huitafuni.

Kosa linaloniudhi zaidi ni chapati. Jedwali linasema 52, kijani kabisa, na watu wanafurahi, nani asiyependa chapati? Lakini chapati nyingi zilizopimwa kwenye tafiti hizo ni za Kihindi, za unga wa ngano isiyokobolewa, nyingine zimechanganywa na unga wa dengu, na huokwa kavu kwenye chuma. Ya kwetu ni unga mweupe wa ngano, mafuta kwenye donge, mafuta kwenye kikaango. Jina limesafiri, chakula hakikusafiri. Mtu akitafsiri jedwali kwa kufuata majina, anakuwa ametafsiri maneno tu, na mgonjwa anakula kitu ambacho hakuna aliyekipima.

Na hata chakula kikiwa kilekile, watu hawafanani. Mwaka 2016 kundi la Boston, mwandishi wa kwanza Nirupa Matthan, liliwapima watu wazima 63 wenye afya kwa mkate uleule mweupe, kwa kurudiarudia. Wastani ulikuwa 62. Lakini mmoja mmoja walianzia 35 mpaka 103! Mkate mmoja ambao kwa huyu ni kijani, kwa yule ni nyekundu ya kutisha. Kwa mtu mwenye glukomita nyumbani, kupima kabla ya kula na saa mbili baadaye kunamwambia zaidi ya karatasi yoyote. Tatizo ni vijiti vya kupimia, bei yake si ya kila mtu, na hilo sina ujanja nalo.

Twende kwenye dona, maana hapo ndipo wabishi walipo.

Ushauri unaojirudia kila kona ni "acha sembe, kula dona", kana kwamba dona ni dawa ya sukari. Tofauti ya hizi mbili inajulikana: kwenye sembe mahindi yamekobolewa, ganda na kiini vimeondoka na kuwa pumba, na pumba zimekwenda kwa kuku. Kuku wanakula nyuzinyuzi, vitamini za kundi B na mafuta ya kiini, sisi tunabaki na wanga mweupe na heshima. Kwa hoja hiyo dona inashinda, sina ubishi. Uchambuzi mkubwa ulioagizwa na Shirika la Afya Duniani na kutoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2019 ulipitia tafiti 185 za kufuatilia watu na majaribio 58 ya kitabibu, ukakuta wanaokula nyuzinyuzi nyingi wana vifo vichache kwa asilimia 15 hadi 30 kuliko wanaokula kidogo, na faida ilikuwa kubwa kwenye gramu 25 hadi 29 kwa siku.

Lakini kama lengo lako ni sukari isipande haraka baada ya kula, kuna kitu jedwali halisemi: ulaini wa unga. Mwaka 1988 Jenkins huyohuyo na wenzake walichapisha kwenye jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, ulinganisho wa mikate. Mkate wa unga wa ngano nzima uliosagwa laini uliipandisha sukari karibu sawa na mkate mweupe. Mikate iliyobaki na punje nzima ndani ndiyo iliyotofautiana, na kadiri punje zilivyozidi ndivyo sukari ilivyopanda kidogo. Sababu ni ya kimekanika kabisa. Punje nzima ni chumba chenye kuta, na vimeng'enya vinaingia polepole. Ukisaga laini umevunja kuta zote, na wanga umekaa uwanjani unasubiri. Kwamba pumba bado zimo kwenye mfuko haibadilishi sana kasi hiyo. Ndiyo maana mkate wa ngano nzima una GI 74 na mweupe una 75.

Kwa hiyo bonge la ugali wa dona laini, mkubwa uleule, ni bonge la wanga. Una virutubisho zaidi, ndiyo. Ila anayekwambia dona haihesabiki anakudanganya.

Kuna jambo jingine kuhusu dona ambalo washabiki wake hulipita kimyakimya: sumukuvu. Mwaka 2016, Dodoma na Manyara, watu 20 walikufa kwa sumu ya aflatoksini. Kenya mwaka 2004, wagonjwa 317 waliripotiwa na 125 wakafa. Sehemu kubwa ya sumu hii hukaa kwenye tabaka za nje na kiini, zilezile tunazozisifia, na kukoboa huondoa sehemu yake. Sisemi turudi kwenye sembe. Nasema anayehubiri dona ahubiri pia mahindi makavu, na kuchambua zile punje zilizovunjika, zilizoota ukungu au kubadilika rangi kabla ya kupeleka mashineni. Ukinunua dona iliyokwisha sagwa huwezi kuona punje ilikuwaje. Hilo nalo lilistahili safu kwenye jedwali.

Sasa kama punje nzima ndiyo siri, chakula chenye punje nzima tunacho tangu zamani, na wala hakitaki unga wa kigeni wa lozi wa bei ya kilo mbili za nyama. Makande. Mahindi na maharage, kuta zote zimo, protini imo, na maharage yanapunguza kasi zaidi. Wakenya wana githeri. Ukipika makande kwa nazi, kitunguu kilichokaangwa vizuri na pilipili mbuzi moja nzima juu bila kuipasua, hakuna mtu mezani atakayejua kuwa anapunguza kitu. Pwani kuna mbaazi za nazi. Tatizo lake mahamri yaliyo pembeni, lakini moja badala ya manne inawezekana, mbaazi zikiwa bakuli zima. Makande yana gharama yake, nakubali, mkaa wa saa tatu si utani. Kuloweka usiku kucha kunapunguza sana, na ukichemsha ya siku tatu kwa mara moja na kugandisha sehemu, hesabu inakaa vizuri.

Yote haya jedwali halina nafasi nayo, kwa sababu jedwali linajua chakula kimoja kimoja. Hakuna mtu anakula namba moja. Tunakula sahani.

Kuhusu sahani kuna utafiti mzuri wa New York, mwaka 2015, wa Alpana Shukla na wenzake. Wagonjwa 11 tu wa kisukari aina ya 2 waliokuwa wakitumia metformini. Mlo uleule, siku mbili tofauti. Siku moja walianza na mkate na juisi ya machungwa, dakika 15 baadaye kuku na mboga. Siku nyingine walianza na mboga na kuku, wanga mwishoni. Walipoanza na mboga na kuku, sukari ilikuwa chini kwa asilimia 29 baada ya nusu saa, 37 baada ya saa moja, na 17 baada ya saa mbili. Watu 11 ni wachache, na siku mbili ni siku mbili. Bado ni tofauti kubwa kwa kitu kisicho na gharama.

Ila tuwe wakweli, ushauri huu ukiuleta kama ulivyo kwetu unachekesha. Eti kula mboga kwanza, ugali baadaye! Kwenye ugali, tonge ndilo kijiko. Bila tonge mrenda unaushika na nini? Kinachowezekana ni kuupa mlo mwanzo: bakuli la supu, au la kunde au choroko unakunywa kabla ugali haujafika. Kwenye pilau kachumbari ije mapema na iwe nyingi, isiwe pambo la vijiko viwili pembeni ya sahani. Huo ni ubunifu wa kupanga meza, na mama ntilie mmoja pale karibu na chuo anaufanya bila kusoma utafiti wowote: ukikaa tu, supu ya maharage imeshafika, ndipo anakuuliza wali au ugali.

Na kiporo? Wapo wanaosema wali wa kiporo hauna shida kwa sababu wanga ukipoa unageuka kuwa sugu. Kisayansi ni kweli kwamba sehemu ya wanga ikipoa hujipanga upya, na vimeng'enya vikashindwa kuipasua. Utafiti wa Indonesia wa mwaka 2015 ulipima: wali mpya una gramu 0.64 za wanga sugu kwa kila gramu 100, na uliokaa kwenye friji saa 24 ukapashwa moto una 1.65. Watu 15 wenye afya walioula sukari yao ilipanda kidogo kuliko kwa wali mpya. Vizuri. Lakini gramu moja imegeuka, kati ya takriban 28 zilizomo. Hiyo si ruhusa ya sahani ya pili. Na tafadhali, kiporo cha friji, siyo cha sufuria iliyolala jikoni Dar es Salaam na joto letu. Kuna bakteria wa wali, *Bacillus cereus*, ambao mbegu zake hustahimili kuchemshwa, na sumu yake ya kutapisha haiondoki kwa kupasha.

Nimeliacha kwa makusudi suala ambalo naona ndilo zito kuliko GI yote. Lugha.

Hesabu maneno kwenye karatasi yoyote ya ushauri wa kisukari: acha, epuka, punguza, usile, marufuku, kidogo sana. Upande wa vinavyoruhusiwa utakuta "mboga za majani za kuchemsha" na "samaki wa kuchemsha bila mafuta". Mama yangu mkubwa alipopewa karatasi yake alitengewa sufuria. Wengine wanakula sinia moja sebuleni, yeye kabichi ya kuchemsha jikoni. Wiki ya tatu akaniambia, "Mwanangu, hiki si chakula, ni kifungo," akarudi kwenye sinia, na kwenye ugali wote kwa ukubwa uleule. Karatasi ingemwita mgonjwa asiye na nidhamu. Mimi naona karatasi ilimshauri kuacha kula na watu, na hilo yeye halikubali, na sioni kwa nini angelikubali.

Mwaka 2017 Bradley Turnwald, Danielle Boles na Alia Crum wa Chuo Kikuu cha Stanford walifanya jaribio ndani ya mgahawa wa chuo kwa siku 46. Mboga zilikuwa zilezile na zilipikwa vilevile. Walibadilisha jina tu kwenye kibao. Zilipoandikwa kwa majina ya kutamanisha, waliozichukua walikuwa zaidi kwa asilimia 25 kuliko zilipoandikwa kawaida, na zaidi kwa asilimia 41 kuliko zilipoandikwa kwa lugha ya kujinyima. Ni wanafunzi na wafanyakazi wa chuo tajiri cha Marekani, sawa, lakini fikiria Kiswahili kilivyo na utajiri hapa. "Mboga za majani zenye nyuzinyuzi" ni mchicha wa karanga. Ni kisamvu cha nazi kilichotwangwa kikalainika. Ni matembele yaliyokaangwa na dagaa. Hivyo vyote ni halali kwa mwenye kisukari, mafuta na chumvi zikiwa kwa kiasi, na vikiwa vitamu hivyo ndivyo vinavyojaza sahani ili ugali upungue bila mtu kuamriwa. Anayeandika "za kuchemsha" anaondoa kitu pekee ambacho kingefanya ushauri wake utekelezeke.

Upande wa pili wapo wa "acha wanga kabisa". Nisiwaonee, wana ushahidi. Uchambuzi wa majaribio 23 kwenye BMJ mwaka 2021 ulikuta kwamba wagonjwa wa kisukari aina ya 2 waliopunguza sana wanga walikuwa na nafuu kubwa zaidi kwenye miezi 6. Kwenye miezi 12 faida ilikuwa imepungua sana. Kwa uzito pekee, jaribio la Christopher Gardner la mwaka 2018, watu 609 wasio na kisukari, mwaka mzima: waliopunguza wanga walishuka kilo 6.0, waliopunguza mafuta kilo 5.3, tofauti isiyo na maana kitakwimu. Makundi yote mawili yaliambiwa vitu vilevile kuhusu sukari ya kuongezwa na unga mweupe: punguzeni, na mboga ziongezeke. Nikiangalia miezi 6 na miezi 12 nasoma hadithi ya mama mkubwa kwa takwimu. Kinachofanya kazi ni kile ambacho mtu bado anakifanya mwakani.

Na jambo moja ambalo sijalikuta kwenye toleo hata moja kati ya manane. Mtu anayejidunga insulini au anayemeza glibenklamidi, akiamka leo na kukata wanga kwa nusu huku dozi ni ileile, sukari inaweza kushuka kupita kiasi: jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa, na ikizidi, kuzimia. Kabla hajabadilisha sahani kwa kiasi hicho azungumze na anayemwandikia dawa, dozi irekebishwe. Kwenye jedwali lenye rangi tatu, mstari huo ungeandikwa wa kwanza, kwa herufi kubwa, juu ya tikitimaji.